Tochi ya Kichwa Ikikugomea Gizani: Dalili, Chanzo na Dawa

Wateja wangu hapa Kondele, Kisumu, wana neno moja tu la kueleza ugonjwa wa tochi ya kichwa: "Fundi, imekufa." Mvuvi wa omena anayepanda kutoka ufukwe wa Dunga husema hivyo, mlinzi wa usiku husema hivyo, na mama wa samaki wa kukaanga husema hivyo huku taa yenyewe bado ikitoa mwanga wa kijiti cha kibiriti. Nikiifungua, mara nyingi nakuta balbu ni nzima kabisa. LED haifi ovyo. Kinachokufa ni betri, au njia ya umeme kati ya betri na balbu, au mwenye tochi hakuwahi kuambiwa inavyochajiwa.

Kwa hiyo kabla hujaniletea, jua kwanza tumboni mwa tochi yako mna betri gani. Bila hilo utatibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Kuna tochi zinazotumia mawe, yaani betri ndogo za dukani. Kila moja ina volti 1.5 ikiwa mpya. Zile za nikeli za kuchajiwa hubeba 1.2. Kuna za lithiamu, ambazo huwa na betri bapa iliyofichwa ndani au ile ya mviringo iitwayo 18650. Namba hiyo si nguvu, ni vipimo: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Hiyo huandikwa volti 3.7 na ikijaa hufika 4.2. Halafu kuna zile tochi kubwa za bei nafuu zenye plagi ya kukunja ya miguu miwili nyuma. Nyingi za hizo zina kisanduku kizito cha volti 4, ambacho ni betri ya gari iliyopunguzwa mwili: risasi na asidi, selo mbili za volti 2.

Ukiwa na mita ya kupimia volti, angalia jambo hili linalowachanganya hata mafundi. Mita ikisoma 4.1 kwenye betri ya lithiamu, karibu imejaa. Ikisoma hiyo hiyo 4.1 kwenye betri ya asidi iliyopumzika, karibu nusu imeshaliwa. Namba moja, hali mbili.

"Haiwaki kabisa"

Anza na zile sababu za aibu. Tochi mpya huja na kikaratasi cha plastiki kinachozuia betri isiguse chuma, kivute. Chanya na hasi za betri zikiwa zimegeuzwa, geuza. Usicheke, nimewahi kulipwa kwa kazi hiyo.

Kama inatumia 18650, tazama kichwa cha betri. Kuna zenye chuchu na zenye kichwa bapa. Tochi nyingine ina ukingo wa plastiki mbele ya chuma ili betri ikigeuzwa isilete hasara, na betri ya kichwa bapa haifikii chuma hicho hata ukiilazimisha. Mteja alinunua betri mbili mpya akidhani zile za kwanza ni mbovu, kumbe zote nne zilikuwa nzima.

Halafu kuna kufuli. Tochi za kisasa hufungwa kwa kubonyeza swichi kwa muda, ili zisijiwashe ndani ya mkoba. Bonyeza na ushikilie sekunde 3 hadi 5 uone. Wengine hulegeza kifuniko cha betri robo mzunguko kwa kusudi hilo hilo, kisha husahau kukikaza.

Yote hayo yakipita, pima betri. Ya lithiamu ikiwa chini ya volti 2.5, iache ilale. Wapo mafundi wanaoiamsha kwa kuiunganisha waya na betri nyingine kwa dakika chache, na mimi nilifanya hivyo miaka ya nyuma. Niliacha nilipojua kinachotokea ndani: betri ikishuka chini sana, shaba yake huweza kuanza kuyeyuka, na ukiirudishia chaji shaba hiyo huganda mahali pasipofaa na kuunganisha pande mbili zisizotakiwa kukutana. Itawaka, ndiyo. Huenda pia ikawaka moto ukiwa umelala.

"Inawaka nikiipiga kofi"

Huu ndio ugonjwa ninaoupenda, kwa sababu unapona. Taa inayosikia kofi ina mguso uliolegea au uliochafuka.

Fungua sehemu ya betri. Ukiona unga mweupe au wa kibuluu kwenye springi, mawe yamevuja. Kwa mawe ya alkali, chovya kipande cha pamba kwenye siki au maji ya ndimu, paka kidogo tu, unga utachemka na kuachia. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji safi, acha ikauke kabisa. Uchafu wa kahawia bila unga, tumia kifutio cha mtoto wa shule. Springi iliyolala, ivute kidogo kwa kibano. Nyuzi za kifuniko zikiwa na mchanga wa ufukweni, zisafishe kwa mswaki mkavu, maana katika tochi nyingi za chuma umeme hupita hapo hapo.

Mawe huvuja sana ukichanganya mapya na ya zamani. Lililochoka huisha kwanza, lakini wenzake wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwake kinyumenyume mpaka linatoa jasho. Badilisha yote pamoja. Na tochi isiyotumika mwezi mzima, toa mawe.

Kama sehemu ya betri ni safi, inamisha kichwa cha taa juu na chini polepole huku imewaka. Ikizima kwenye pembe moja tu, waya umekatika ndani ya ngozi yake pale kwenye bawaba, kwa kukunjwa kila siku. Zile zenye betri kisogoni hukatika pale waya unapoingia kwenye kisanduku. Kata sehemu mbovu, menya, lehemu upya, na acha waya ulegee kidogo ili usivutwe tena. Fundi akikuambia ununue tochi nyingine kwa ugonjwa huu, hajaifungua.

"Chaji haikai"

Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Tochi hutundikwa ukutani zikiwa na ile chaji iliyobaki ya usiku wa mwisho ziwani. Ukifika mwezi wa nane, foleni iko kwangu.

Betri ya asidi ikikaa bila chaji, ndani yake hujengeka fuwele ngumu juu ya bamba za risasi. Fuwele zikishakomaa, haziyeyuki tena kwa kuchaji. Nafasi ya kuwekea umeme imezibwa. Ndiyo maana taa ya kuchajia inaonyesha imejaa baada ya nusu saa, na mwanga unaisha baada ya dakika kumi: kibuyu kimejaa kokoto, maji yataingia wapi? Dawa ni kinga tu. Ijaze kabla ya kuitundika, kisha ichaji mara moja kila mwezi hata kama huitumii. Ukiitumia, usisubiri izimike. Mwanga ukianza kudhoofika, irudishe kwenye stima. Wala usiiache kwenye plagi siku mbili. Nyingi za bei nafuu hazina kitu cha kukata chaji ikijaa, zinachemka tu mpaka maji ya ndani yanakauka. Usiku mmoja unatosha.

Lithiamu ina tabia tofauti. Yenyewe haipendi kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni, wala kukaa tupu, wala joto. Ya kuweka akiba iache karibu nusu, mahali penye ubaridi, si juu ya kabati chini ya mabati.

Kisha kuna udanganyifu. Betri ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobeba, ni uongo ulioandikwa kwa herufi nzuri. Zilizo bora kabisa hazizidi sana 3,500. Huna mita? Peleka kwa muuza duka mwenye mizani ya kielektroniki. Ya kweli huwa na gramu 45 hivi au zaidi kidogo. Ya uongo hushuka hadi 30 au chini, kwa sababu ndani kuna betri ndogo na nafasi tupu. Mimi naona afadhali betri iliyotolewa kwenye laptopu kuukuu na kupimwa mbele yako, kuliko mpya inayong'aa yenye namba ya kichawi.

Wakati mwingine betri haina kosa, ila matarajio. Piga hesabu: mAh 2,000 kwa volti 3.7 ni kama wati-saa 7.4. Taa ikila wati 1 utapata saa 7 hivi, ikila wati 3 ni saa mbili na ushee. Yale "saa 40" ya kwenye boksi hupimwa kwenye mwanga hafifu zaidi, na kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi huhesabu muda mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulivyoanza. Asilimia 10 hiyo utaiona choo kilipo. Nyoka hutamwona.

Na hapa nina ugomvi na wenzangu wa kazi. Betri ya asidi ikifa, fundi mvivu huweka lithiamu mahali pake, kwa kuwa volti zinakaribiana na mwanga unarudi vizuri. Chaja ya asidi haijui kusimama kwenye 4.2. Itaendelea kusukuma, na lithiamu iliyojazwa kupita kiasi huweza kulipuka au kushika moto. Ukirudishiwa tochi yako na ni nyepesi kuliko ulivyoipeleka, uliza kwa nini.

"Haishiki chaji hata kidogo"

Kwa zile za USB, badilisha waya kwanza, halafu chaja. Kuna kasoro moja ya ajabu kwenye tochi za Taipu-C za bei ya chini: ukitumia waya wenye Taipu-C pande zote mbili, haichaji, ukitumia ule wa zamani wenye kichwa kipana upande wa chaja, inachaji mara moja. Mtengenezaji hakuweka vipande viwili vidogo vinavyoitambulisha tochi kwa chaja, basi chaja haitoi kitu. Tunza waya wa kichwa kipana, usiutupe. Pawabanki nazo nyingine hujizima tochi inapokaribia kujaa, kwa kudhani hakuna kinachochajiwa. Hiyo si hitilafu ya tochi.

Za plagi ya miguu miwili ndizo zinanitia hofu. Soketi zetu ni za miguu mitatu, na watu huingiza kalamu kwenye tundu la juu ili lifunguke. Acha hiyo, nunua adapta. Ndani ya tochi hizo mara nyingi hamna kitu kinachotenganisha stima ya volti 240 na sehemu nyingine. Kuna kapasita tu inayopunguza mkondo. Maana yake, ikiwa kwenye plagi, chuma chochote kilicho wazi kwenye tochi hiyo kinaweza kukurusha. Usiivae ikichajiwa, usiifungue ikichajiwa, usiishike kwa mikono yenye maji, na mtoto asiifikie. Hata ukiichomoa, subiri kidogo kabla ya kugusa miguu ya plagi.

"Inaanza na nguvu, halafu inafifia"

Ikififia baada ya dakika chache kisha ikatulia hapo, na kichwa chake ni cha moto, haina ugonjwa. Inajilinda na joto. Usiitumie kwenye nguvu ya juu kabisa ukiwa umekaa jikoni pasipo upepo.

Ikififia ukiwa mlimani, ni baridi. Wanaopanda Elgon, ambao kilele chake kina mita 4,321, huondoka kambini alfajiri na mawe ya alkali ambayo yamepoa mno kwa baridi, na nusu ya nguvu haipatikani. Yapashe ndani ya nguo, karibu na ngozi, yatarudi. Usiku lala nayo.

"Inajizima na kujiwasha, fundi, kuna kitu"

Omera mmoja, yaani ndugu kwa Kijaluo, aliniletea tochi akaiweka mezani kwa vidole viwili kama anayeshika panya. Alikuwa ziwani, anavuta wavu, taa inazima, inawaka, inazima. Wenzake walishaanza kunong'ona.

Kuna tochi zenye jicho dogo jeusi kando ya balbu. Ukipunga mkono mbele yake, zinawaka au kuzima bila kuguswa, na ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye mikono ya matope. Kuna kitufe cha pekee cha kuwasha jicho hilo. Kilikuwa kimebonyezwa bila yeye kujua, na kila alipovuta kamba, mkono ulipita usoni. Nilikibonyeza, nikampa. Hakuamini mpaka alipojaribu mara tatu.

"Iliingia maji"

Alama ya IPX4 inamaanisha inavumilia maji ya kurukia kutoka pande zote, yaani mvua. IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Isiyo na alama yoyote ihesabu kuwa ya jikoni. Ikizama, izime, toa betri papo hapo, fungua kila kinachofunguka, ikung'ute, ianike kivulini penye upepo siku moja au mbili. Kuifukia kwenye mchele hakuna miujiza unayotangaziwa. Na kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia ndicho mlango ambao maji huupenda; kikikatika, IPX yako imekwenda.

Tochi ni nzima, lakini huoni

Hili huletwa kwangu kama ubovu wa tochi, na kulieleza huchukua muda kuliko kulehemu.

Ukipita Timboroa au Mau Summit usiku wenye ukungu, ukiwasha tochi ya kichwa unaona ukuta mweupe. Ukiongeza mwanga, ukuta unazidi weupe. Taa iko kando ya jicho, kwa hiyo kila tone la ukungu linarudisha mwanga moja kwa moja machoni. Ivue, ishike usawa wa kiuno, ielekeze chini mbele. Ukuta unafunguka, na kivuli cha kila jiwe na shimo kinaonekana. Moshi wa jikoni na mvua nyingi vina dawa hiyo hiyo.

Wadudu wa ziwani nao hufuata mwanga mweupe mpaka unawatafuna. Kama tochi ina mwanga mwekundu, washa huo. Wadudu wengi hawauoni vizuri. Kama haina, tundika taa nyingine kali hatua kadhaa kando yako iwaite, wewe ubaki na mwanga mdogo kichwani. Ila ukienda kuokota kumbikumbi, usiwashe nyekundu, utarudi na sufuria tupu.

Mwekundu una faida nyingine. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa sekunde chache unakurudisha mwanzo. Mwekundu hafifu hauharibu hivyo. Lakini usitibu jeraha kwa mwanga mwekundu. Damu hupotea machoni, unaona ngozi tu iliyolowa. Mkunga, nesi, anayezalisha ng'ombe kule Njoro: washa nyeupe.

Na ukikutana na mtu njiani, inamisha taa kabla ya kumsalimia. Kummulika mzee machoni huku unasema "shikamoo" ni kumpa heshima kwa mkono mmoja na kofi kwa mwingine.

Maumivu ya kichwa, kwa kawaida ni mkanda. Ulegeze, na kama tochi ni nzito chagua yenye utepe wa ziada unaopita utosini. Juu ya nywele za kusuka au leso, mkanda huteleza. Funga kitambaa cha pamba kwanza.

Usiku wa dharura

Mwaka 2023 stima ilipotea nchi nzima zaidi ya mara moja: 25 Agosti, 11 Novemba, 10 Desemba. Kila mara, asubuhi yake nililetewa tochi zilizokuwa nzima lakini tupu. Zilikuwa zimewekwa "mahali salama", pasipojulikana, bila chaji. Itundike kwenye msumari mmoja karibu na kitanda, na mtoto ajue msumari huo. Kwa wanaokaa Ahero au Budalang'i, ambako maji huingia usiku, weka msumari juu.

Ukinusa gesi ndani ya nyumba, usiwashe wala kuzima tochi humo. Cheche ndogo ya swichi inatosha. Toka, washa ukiwa nje na mbali. Vivyo hivyo usiinamie mtungi wa petroli ulio wazi na tochi kichwani.

Ukipotea mlimani au injini ikikuzimikia ziwani, ishara ya wapanda milima ni miwako 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Ukijibiwa miwako 3 kwa dakika, umeonekana. Ule mwako wa haraka haraka uliomo ndani ya tochi unakula betri, na kwa mbali unafanana na disko ya harusi.

Kuhusu betri ya lithiamu iliyovimba, hiyo siitibu. Usiitoboe, usiichaji, usiitupe motoni wala chooni. Iweke kwenye mkebe wenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, na ukija kuniuliza la kufanya, tafadhali usije nayo mfukoni mwa suruali.